Jogoo wa Fidele

Kezia alikuwa anasonga ugali nilipoingia uani kwao, akaniambia bila kugeuza shingo.

"Mama Kipriani, mchukue huyu mzee. Wakimtaja jina huko Kasulu, hata mara moja tu, yule jogoo mwekundu namchinja mimi mwenyewe. Wasipomtaja, asiniletee tena habari za mpira ndani ya nyumba hii mpaka tuzikane."

Mumewe, Fidele, alikuwa amekalia kinu kilichopinduliwa, anapaka kiwi kiatu kimoja huku kingine kikimsubiri mguuni. Akacheka bila sauti, kawaida yake.

"Umesikia, Mama Kipriani? Wewe ndiye shahidi."

"Nimesikia," nikasema. "Kezia, anza kunoa kisu."

Nilisema hivyo kwa uhakika. Waliokuwa wanakwenda kukaa mbele ya mashabiki Kasulu na kujibu maswali yao ni wachezaji wa zamani na makocha wa vijana, na mkubwa wao alikuwa Kipriani, mtoto niliyemzaa mimi. Mwenye kumjua Kipriani anajua mguu wake wa kushoto, na mguu ule aliutengeneza Fidele. Sasa asimtaje kwa nini?

Fidele Ntirampeba alifika kwetu Kibondo mwaka sabini na mbili, Burundi ilipowaka, yeye na mama yake, na sufuria moja. Mimi nilikuwa nimeolewa. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliwapa kipande cha ardhi nyuma ya migomba yetu, kijana akawa anatusaidia kwenye kahawa. Alikuwa na miguu mirefu na hana maneno. Jioni anapotea. Mimi nikadhani ameshaonyeshwa nyumba za pombe, siku moja nikamfuata ili nimkamate. Nikamkuta kiwanja cha shule, anapiga mpira ukutani peke yake, unarudi, anaupiga, unarudi. Nikarudi nyumbani bila kumwambia kitu.

Haukupita muda akawa beki wa kushoto wa timu ya wilaya. Watu wa Kasulu walipokuwa wanakuja kucheza kwetu, kabla hawajashuka kwenye lori walikuwa wanauliza, "Yule Mrundi yupo?" Wakiambiwa yupo, winga wao anaanza kulalamika tumbo. Siku hizo neno lile halikuwa tusi. Lilikuwa kama cheo.

Goti lilipomharibikia hakwenda kukaa kijiweni na kusimulia. Alikusanya watoto. Kiwanja kile kilikuwa na mteremko, mpira ukitoka unashuka mpaka bondeni, basi aliwaambia waje na majembe, wakasawazisha upande wa juu wenyewe. Upande wa chini ulibaki mteremko, na waliokubali kucheza kuelekea juu ndio aliowapenda, kwa sababu anayezoea kupanda, alisema, tambarare kwake ni kitanda. Filimbi hakuwa nayo. Alikuwa anawaita kwa viganja, vile vile tunavyosalimiana sisi Waha: unakunja viganja kama unayeteka maji, unavipiga polepole, inatoka sauti nzito ya chini. Nikiwa jikoni kwangu nikiisikia nilikuwa najua Kipriani yuko wapi.

Huyu Kipriani alikuwa mvivu wa mguu wa kushoto. Mpira ukimjia kushoto anauzunguka kama anayekwepa tope. Fidele akakaa chini, akakata tairi la lori, akashona katambuga. Alishona moja tu, ya mguu wa kulia, tena aliiongezea soli juu ya soli mpaka ikawa nzito kama jiwe la kusagia. Mguu wa kushoto akauacha mtupu.

"Sasa piga na ule unaouona mwepesi," akamwambia.

Mtoto alitembea na katambuga moja msimu mzima wa mvua, wenzake wakimwita Trekta. Mimi nilikwenda kugomba.

"Fidele, unanilemazia mtoto."

"Mama Kipriani, nipe mpaka mvua ziishe. Ukimwona bado anachechemea, nivalishe mimi."

Mvua zilipoisha, makipa wa Kibondo walikuwa wanamwogopa mtoto wa shule ya msingi. Kipriani alimwita Fidele Baba Mdogo. Alikula kwa Kezia mara nyingi kuliko kwangu, na mimi sikuona wivu, maana alikuwa anarudi ameshiba na amechoka.

Alipokwenda kucheza Dar es Salaam tulikuwa tunakusanyika kwenye redio ya Fidele. Mtangazaji akisema, "Mguu wa kushoto huo," Fidele anapiga paja lake na kumtazama Kezia, na Kezia anasema, "Mguu hauuzwi sokoni, mzee." Walikuwa hivyo miaka yote.

Halafu huko Dar yakazuka maneno kwamba Kipriani si raia, ni Mrundi. Sisi wa mpakani tumeyazoea maneno hayo, ukitaka kumwangusha mtu wa Kigoma huna haja ya kutafuta jiwe lingine. Aliitwa uhamiaji, akaulizwa, baba yake akaulizwa, wakaridhika. Lakini tangu hapo, akiulizwa redioni nani alimfundisha mpira, alijibu kwamba alijifunza mwenyewe. Tukawa tunasikia, sote, kwenye redio ya Fidele.

"Anajilinda," Fidele alisema. "Mwacheni. Akishaacha kucheza atasema."

Ameshaacha zamani. Amerudi nyumbani ana gari, ana tumbo, na mwaka ule, elfu mbili na kumi na tano, alikuwa anataka udiwani. Na ndiyo maana niliona siku ya kusema imefika. Ataogopa nini tena? Fidele mwenyewe ameshapata uraia, ana kitambulisho anakiweka ndani ya Biblia.

Tulipanda basi la asubuhi, Fidele na koti lake la harusi. Kipriani alikuwa ameshatangulia Kasulu. Tulipofika karibu na Makere tukasimamishwa kupisha mabasi yaliyokuwa yanaingiza wakimbizi kambini Nyarugusu, kwa maana Burundi ilikuwa imewaka tena. Watoto walikuwa wamebandika nyuso kwenye vioo. Abiria mmoja mbele yetu akasema kwa sauti, "Hawa tena. Nchi hii wanaidhani ya shangazi yao." Watu wakacheka. Fidele alitazama yale mabasi mpaka la mwisho likapita, akavuta mkono wa koti lake kufunika pale lilipochakaa.

"Leo atanitaja, Mama Kipriani?"

"Asipokutaja nitamtaja mimi yeye," nikasema.

Mwenye shughuli alikuwa Saady, mwenye duka la mabati na misumari, mwenyekiti wa mashabiki wa Kasulu. Watu wake asili yao Ujiji, ana Kiswahili kinachoteleza. Alikuwa mlangoni pa ukumbi na kanzu nyeupe, anapokea wageni.

"Karibu, mama yetu, karibu mzazi wa nyota. Kiti chako kipo mbele kabisa." Kisha akamtazama Fidele. "Na mzee huyu?"

"Kocha wa watoto wa Kibondo," nikasema. "Nafasi yake ni meza kuu."

Saady akaona aibu kidogo, ni mtu mwenye adabu. "Mama, nisamehe. Nilimuuliza mwanao mwenyewe makocha wa Kibondo tuwaalike nani. Akasema huko hakuna. Meza imeshajaa, lakini mzee wangu nitamtafutia mahali pazuri kwa mashabiki."

"Mashabiki ndio wangu," Fidele akasema upesi, akaenda kukaa safu ya katikati, kati ya vijana wenye jezi.

Mimi nikakaa mbele, nikiwa tayari nahisi kiti kinanichoma. Ningeweza kusimama pale pale. Sikusimama. Nilijiambia Kipriani akimwona atarekebisha.

Ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Wakongwe wakaingia kwa nderemo, Kipriani wa mwisho, ana miwani ya jua ndani ya nyumba. Akapita akipungia mkono huku na huku. Alipofika usawa wa safu ya Fidele, mzee aliinuka.

Kwetu salamu ina taratibu zake. Mdogo ndiye anayeanza. Anainama kidogo, anapiga viganja, anasema mwidiwe, na mkubwa anapokea kwa viganja vyake, wanapokezana hivyo mpaka wameulizana habari za nyumba nzima. Fidele alisubiri aanzwe. Alipoona Kipriani anampita, akaanza yeye, mtu mzima kwa mtoto wake. Akainama na goti lake bovu, akapiga viganja vile vya kiwanjani, taratibu, vizito.

"Mwidiwe, mwanangu."

Vijana wenye jezi wakadhani mzee anaanzisha shangwe, nao wakapiga makofi, ukumbi wote ukafuata. Lakini Kipriani hakudhani hivyo. Nilimwona. Mabega yake yaliruka ile sauti ya kwanza ilipotoka, kama alivyokuwa anaruka zamani akiitwa toka bondeni. Akavuta pumzi, akainua mkono juu kuwapungia wote, akapita. Fidele alibaki ameinama mpaka makofi yakaisha. Nyuma yangu mwanamke mmoja wa Kiha, simjui, aliguna. Guno lile lilikuwa langu, nililistahili, maana aliyemlea mtoto asiyeitikia salamu ni mimi.

Maswali yakaanza. Mkongwe mmoja akasimulia walivyocheza pekupeku, mwingine akasimulia kipa aliyekimbia goli baada ya kuona nyoka, watu wakacheka mpaka machozi. Kocha mmoja wa vijana wa Kasulu akawataja waliomfundisha, mmoja mmoja, marehemu na walio hai. Nikasema moyoni, mwanangu, njia imeshafunguliwa, pita tu.

Saady akamgeukia.

"Kipriani, hapa kila mtu ana swali moja. Ule mguu wa kushoto, nani alikupa?"

Kipriani akavua miwani, akaifuta.

"Ni kipaji tu, bwana Saady. Mungu akikupa amekupa. Halafu makocha wa Dar wakanipiga msasa."

"Nyumbani Kibondo hakuna aliyekushika mkono?"

"Nyumbani tulijichezea tu."

Makofi. Mimi niliinamisha kichwa nikatazama khanga yangu. Nilikuwa nimeishikilia pindo mpaka imejikunja.

Ndipo akasimama mzee mmoja wa nyuma, sauti ya Kibondo kabisa, na akili ya kuchokoza.

"Mwenyekiti, samahani. Mimi nilikuwa nachoma mahindi karibu na kile kiwanja. Huyu tulimwita Trekta. Alivalishwa katambuga mguu mmoja na mzee Fidele, na mzee mwenyewe si yule pale ana koti? Au macho yangu nayo yameshastaafu?"

Watu wakaangua kicheko, wakageuka. Mmoja wa vijana akauliza, "Fidele yupi, yule Mrundi?" Hakusema kwa ubaya, alikuwa anauliza tu. Lakini neno lilishatoka, na lilitembea ukumbini safu kwa safu. Kipriani akachukua simu yake akaanza kuisoma.

Saady, kwa nia njema, akampelekea Fidele kipaza sauti mpaka pale alipokaa.

"Mzee wangu, tuambie. Ni kweli ulimfundisha nyota wetu?"

Basi akawa nacho mkononi. Kile kitu alichokuwa anatamani kusikia jina lake likitoka ndani yake, alikuwa amekishika mwenyewe. Angesema tu, Mimi Fidele Ntirampeba, yangekwisha, na jogoo wake angekuwa halali. Alimtazama Kipriani. Kipriani hakuinua uso. Fidele alimtazama muda, kama alivyokuwa anawatazama watoto kabla hajaamua nani atoke nani abaki.

"Watoto wa Kibondo wote walivaa katambuga, mwenyekiti," akasema. "Viatu vilikuwa hakuna. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchunga mpira usishuke bondeni."

Wakacheka, wakampigia makofi, Saady akamshukuru kwa ucheshi wake. Fidele akamrudishia kipaza sauti kwa mikono miwili.

Niliahidi kwenye basi kwamba nitasema. Nina mdomo, huko kwetu hakuna asiyeujua. Nimewahi kumsimamisha mwenyekiti wa kijiji katikati ya mkutano. Lakini niliona wale waliokuwa bado wananong'onezana lile neno, nikaona udiwani wa mwanangu unavyoweza kuanguka usiku mmoja, na nikakaa. Nilikaa vizuri, mgongo umenyooka, kama mzazi wa nyota.

Tulipotoka, Kipriani alinivuta pembeni ya gari lake.

"Mama, usinitazame hivyo. Pale si mahali pake. Uchaguzi ukipita nitamwendea nyumbani, nitampelekea na kitu."

"Hakuja kuchukua kitu."

"Wewe unajua mwaka huu watu walivyo."

"Salamu nayo ina mwaka?"

Akafungua mlango wa gari. Akaniambia atakuja Kibondo kesho jioni, tutaongea. Fidele alikuwa amesimama mbali, anamsikiliza yule mzee wa mahindi, wanacheka. Alikwenda mbali kwa makusudi ili asitusikie.

Tulilala Kasulu, na asubuhi kwenye basi la kurudi Fidele hakugusa habari za jana. Alinionyesha mashamba ya maharage yaliyokauka vizuri, akaniambia bei itakuwa nzuri. Nilitamani anitukane.

Kezia alitusikia tangu njiani. Alitoka amefunga khanga kiunoni, jogoo mwekundu yuko chini ya kikapu karibu na mlango, kisu juu ya kikapu. Alikuwa ametutania alipoapa, lakini alikuwa ametusubiri kwa kweli.

"Haya. Walimtaja?"

"Walinitaja," Fidele akasema. "Kipaza sauti kikubwa, ukumbi umejaa. Muulize shahidi."

Na ni kweli jina lake lilitajwa, na muuza mahindi wa zamani. Lakini sote watatu tulijua Kezia anauliza nini.

"Wewe mume wangu unapenda kujifurahisha," Kezia akasema. "Mama Kipriani haongopi. Mama Kipriani, Kipriani alimtaja?"

Fidele alikuwa anafungua kamba za viatu. Hakuniangalia. Angeniangalia ningepata nguvu ya kusema ukweli, naamini hivyo.

"Alimtaja," nikasema.

"Alisemaje?"

"Alisema mguu wa kushoto ni wa Baba Mdogo."

Kezia aliweka mkono juu ya kikapu. Kisha akafunika mdomo kwa pindo la khanga, na huyu mwanamke aliyekuwa anaudharau mpira tangu ujana wake, akalia. Akamwambia mumewe, "Kumbe mtoto yule hakusahau ugali wangu." Akaingiza mkono chini ya kikapu, akamtoa jogoo.

Mama yangu mzazi hakuonja kuku mpaka anaingia kaburini, wanawake wa zamani wa kwetu hawakula. Mimi nilijifunza kumla nikiwa misheni, nikawa nawacheka waliokataa. Siku ile ningefurahi kuwa mmoja wao. Lakini Kezia aliniwekea paja, akakaa mbele yangu kunitazama, na nikala. Kwa kila tonge alikuwa ananirudisha ukumbini. Aliuliza watu walipiga makofi kiasi gani, nikamwambia mengi. Hilo angalau halikuwa uongo.

Firigisi, kama ilivyo desturi, alimtengea mwenye nyumba. Fidele aliitazama kwenye sahani, akaomba jani la mgomba, akaifunga.

"Hii mpelekee Kipriani," akaniambia. "Bila yeye huyu jogoo angekuwa bado anawika."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Haikuwepo. Aliifunga vizuri, akaikaza na ukamba, mchuzi usimwagike njiani.

Kipriani alifika kabla jua halijazama. Nilikuwa nimekaa mezani, kile kifurushi kiko mbele yangu. Akatoa salamu, nikaitikia. Akakifungua.

"Firigisi ya nani?"

"Ya Baba Mdogo wako. Kezia amemchinjia jogoo mumewe, kwa sababu ulimtaja jina Kasulu."

"Mimi sikumtaja."

"Ulimtaja. Nimesema mimi mama yako, na Kezia amelia kwa furaha. Fidele amekuletea sehemu yako."

Aliketi. Aliweka mikono juu ya magoti kama zamani alipokuwa akiletwa mbele ya baba yake amekosea. Kutoka upande wa shule ikaja sauti ya viganja, ile nzito ya chini, Fidele anawaita watoto wa siku hizi. Mguu wake wa kushoto ulisogea chini ya meza. Akaunganisha miguu.

"Siwezi kuila hii, mama."

"Hata mimi nilidhani siwezi," nikamwambia. "Kula."

Akala. Nilimtazama mpaka alipomeza. Aliponyoosha mkono kutaka maji, nilimpa, na hakuna kati yetu aliyemtazama mwenzake.